VALIZI YAKO IFUNGE KWA MKONO WAKO



Mwezi huu ukurasa wa familia unaongea juu ya valizi. Mtu anaweza kuuliza: kwani kufunga valizi nako kunataka gazeti? Watu wa Nakivale tumefunga mizigo maisha yetu yote! Kambi yetu ilianza mwaka 1958, na tangu hapo waliofika hapa, Wanyarwanda wa mwanzo, kisha Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, wengi walifika na furushi tu. Furushi la kukimbia tunalijua vizuri.

Lakini furushi la kukimbia unalibeba mwenyewe kichwani, nalo halipiti kwenye mashine. Mzigo wa ndege ni kitu kingine. Unautoa mikononi mwako pale Entebbe, unashikwa na watu usiowajua katika nchi mbili au tatu, unaukuta tena upande wa pili wa dunia. Na katika njia hiyo yote, kila kilichomo ndani kinahesabiwa kuwa ni chako. Hakuna atakayekubali ukisema, "Hicho nilipewa na jirani." Ndiyo maana tunasema tangu mwanzo: valizi yako ifunge kwa mkono wako.

Maneno haya ni ya wale wenye safari, iwe ya kuhamishiwa nchi ya tatu, ya kuungana na familia, ya masomo, au ya mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi anayekwenda kuona ndugu zake. Tena ni ya sisi tunaobaki, maana na sisi tuna mikono yetu ndani ya hizo valizi. Mtaona.

USIUZE KITANDA MAPEMA

Kabla ya kuongea kilo na kufuli, tuanze na hili. Tarehe 20 Januari 2025, rais wa Marekani Donald Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi nchini mwake. Watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege walifutiwa safari, na katika nchi nyingi familia zilipata habari hiyo zikiwa zimekwisha kuuza vitu vya nyumbani, zimeacha kazi, zimetoa watoto shuleni. Mtu anabaki na valizi imejaa, nyumba iko tupu.

Kutokana na hapo tunashauri hivi. Karatasi zako ziwe tayari siku zote. Nguo za safari zitenge. Lakini kitanda, sufuria kubwa, jembe, kuku na mahindi yaliyo shambani, usiuze mpaka umepewa tarehe yenyewe. Hata ukishapewa, vingi ni afadhali kumwachia ndugu au jirani wa kuaminika, mkakubaliana: "Nikiruka, ni vyako. Nisiporuka, unanirudishia." Semeni mbele ya mashahidi wawili, basi. Maneno ya namna hiyo yanazuia ugomvi.

"NI KA-MUFUKO KADOGO TU"

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Habari ya safari haifichiki hapa kwetu. Jina lako likisikika tu, jioni wageni wanaanza kupiga hodi. Mmoja anakuja na unga wa muhogo wa mtoto wake aliye Kanada. Mwingine ana dawa ya miti shamba ya mama yake. Wa tatu anakuja na kitu kimefungwa kwa kitenge, kimeshonwa pande zote. Anasema: "Mama, ni ka-mufuko kadogo tu. Utamupatia mudogo yangu, atakuja kukutafuta."

Kukataa ni vigumu. Huyo aliyekuja pengine ndiye aliyekupa chumvi ulipofika Kabazana hujui mtu. Ukikataa, utasikia: "Ameona ndege, amesahau watu." Kwa hiyo mtu anaona haya, anapokea, anaweka ndani bila kufungua. Kosa kubwa liko hapo.

Pale uwanja wa ndege utaulizwa swali hili: "Mzigo huu umeupanga mwenyewe? Kuna mtu amekupa kitu umbebee?" Wengi wanafikiri ni maneno ya adabu tu. Swali hilo lina historia ya damu.

Mwezi wa Aprili 1986, pale London, uwanja wa Heathrow, mwanamke mmoja wa Ireland mwenye mimba alikuwa anapanda ndege ya shirika la Israeli, El Al. Mchumba wake alimpa mfuko wa safari, akamwambia yeye atafuata baadaye. Walinzi walipomhoji na kuuchunguza mfuko, wakaona chini kuna sehemu ya siri, na ndani mna bomu. Yule mama hakujua kitu chochote. Alikuwa anabeba kifo chake, cha mtoto wake, na cha watu zaidi ya 300 waliokuwa wasafiri naye. Mchumba wake alifungwa miaka 45.

Mwaka 1988 bahati haikuwepo. Tarehe 21 Desemba, ndege ya Pan Am namba 103 ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Scotland. Watu 270 walikufa, 11 kati yao walikuwa chini, katika nyumba zao. Bomu lilifichwa ndani ya redio ya kaseti, redio ikiwa ndani ya valizi, na valizi ile haikuwa na msafiri wake ndani ya ndege. Redio ya kaseti, ndugu zangu! Kitu ambacho ungeweza kumbebea mtu bila kuwaza.

Hatusemi kwamba jirani yako ana bomu. Mara nyingi hatari ni ndogo kuliko hiyo, lakini inatosha kukuharibia maisha. Chukua mfano wa mairungi, ambayo wengine wanaita miraa au khat. Hapa wapo watu wanaoitafuna, lakini Marekani na Kanada inahesabiwa pamoja na dawa zilizokatazwa, na Uingereza waliikataza mwaka 2014. Aliyekupa anaweza kuwa hana nia mbaya kabisa, anataka kumfurahisha kaka yake. Atakayesimama mbele ya polisi ni wewe, watoto wakikutazama.

Basi mtu afanye nini bila kuvunja urafiki? Njia ni kuweka sheria moja kwa watu wote, na kuitangaza mapema, kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha akiba. "Nitabeba barua na picha tu." Kama utapokea kitu kingine, kifunguliwe mbele yako na mbele ya aliyekileta: unga umwagwe kwenye sinia, kitenge kikunjuliwe, kopo lifunuliwe. Kisha wewe mwenyewe ndiye unakifunga tena. Anayekataa kufungua amekwisha kukujibu.

Na siye tunaobaki tujifunze pia. Msafiri akikwambia "Fungua tuone", usinune. Anachukua watoto wake njia ambayo hajawahi kupita, na kesi yake ameingoja miaka. Ukimpenda, mwachie mzigo wake uwe wake.

HESABU YA KILO

Kila tiketi ina kilo zake, na zinatofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo uliza na usome yako. Mara nyingi valizi moja ya kwenda chini ya ndege ni kilo 23, na ya mkononi ni kilo 7 hivi. Hata anayekubaliwa kulipia zaidi, valizi moja kwa kawaida haipiti kilo 32, kwa sababu kuna mtu anainyanyua kwa mgongo wake. Ukubwa nao unapimwa: urefu, upana na kimo, ukivijumlisha, kwa kawaida visizidi sentimita 158.

Usingoje kupimiwa Entebbe. Kule ukizidisha utafungua valizi chini, mbele ya foleni nzima, nguo za ndani zikionekana, na vitu vinabaki pale sakafuni. Pima hapa. Mizani ya gunia ya wauza mahindi na maharagwe inafaa. Kama kuna mizani ya kupimia watu, fanya hivi: kijana asimame peke yake, tuseme ni kilo 61. Ashike valizi, asimame tena, inasema 85. Toa 61 katika 85, valizi ni kilo 24. Punguza moja. Tena acha nafasi ya kilo moja au mbili, maana mizani hazifanani.

Valizi ya mitumba, ile tunayoita ya mivumba, haina ubaya. Ukiinunua Mbarara sokoni au hapa kambini, jaribu mambo matatu kabla ya kutoa pesa: zipu ifungue na kuifunga mara kumi, magurudumu yazungushe ikiwa na uzito ndani, na mshikio uvute kwa nguvu. Valizi tupu yenye kilo 6 imekula robo ya mzigo wako. Mifuko ya nailoni yenye mirabaraba ni myepesi, lakini inapasuka pembeni, kwa hiyo ishonewe kamba za kuizunguka.

KUPANGA NDANI

Vitu vizito vikae upande wa magurudumu. Nguo zikunjwe kama mkeka, zinachukua nafasi ndogo na hazijikunji sana. Viatu vijaze soksi. Sufuria, kama ni lazima iende, ijaze nguo za mtoto. Kisu cha jikoni kiende kwenye valizi ya chini tu, kimefungwa kwenye kitambaa kizito, kisimkate anayekagua.

Kwa familia kuna siri moja tunapenda muishike. Msiweke nguo za baba zote valizi moja na za watoto zote nyingine. Changanyeni. Kila valizi iwe na kitu cha kila mtu. Moja ikichelewa, hakuna atakayebaki uchi, na kama mnakwenda nchi ya baridi mwezi wa Desemba au Januari, hilo si jambo la mchezo. Sweta na soksi za kila mtoto ziwe mkononi, maana hata ndani ya ndege kuna baridi.

VITU VYA KUACHA

Hapa pana uchungu. Mzee mmoja anataka kubeba udongo kidogo wa kaburi la mke wake. Mama anataka mbegu za maharagwe yake, yale yaliyovuka naye mpaka. Tunaelewa sana. Lakini udongo hauruhusiwi kuingia Marekani, Kanada, Australia wala Ulaya ukitoka kwetu, na mbegu za kupanda zinadai cheti cha serikali kuthibitisha hazina ugonjwa. Sababu ni wadudu na magonjwa ya mimea, na sisi wenye migomba tunajua mnyauko ulivyomaliza mashamba. Piga picha ya kaburi. Mbegu mwachie binti atakayezipanda, na mwaka ujao akupigie simu akwambie zimezaa.

Nyama usibebe, iwe mbichi, kavu au ya kuchoma, na ya porini ndiyo kabisa. Matunda mabichi yaleni kabla ya kupanda. Vyakula vikavu vina sheria tofauti kila nchi. Kanuni iliyo salama ni moja: ukipewa karatasi inayouliza kama una chakula, andika ndiyo, waonyeshe. Ukionyesha, kibaya kinachoweza kutokea kwa kawaida ni wao kukichukua. Ukificha, unatozwa faini, na Australia hawana mchezo kwa hilo.

Makaa yanakatazwa kwa sababu yanaweza kushika moto yenyewe. Mafuta ya taa, petroli na mitungi ya gesi, hapana kabisa. Kiberiti kisiwekwe kwenye valizi. Mawese hayakatazwi kila mahali, lakini chupa ikipasuka, valizi nzima inakuwa nyekundu.

Halafu betri. Taa zetu za sola nyingi, simu, na betri za kuchajia simu zina betri za lithiamu, na hizo zikiharibika zinawaka moto ambao ni vigumu kuzima. Kwa hiyo betri ya kuchajia simu na betri yoyote iliyo peke yake haziendi chini ya ndege. Unazibeba mkononi, ambapo moshi ukitoka wahudumu wataona. Kiasi cha kawaida kinachokubalika ni chini ya wati-saa 100. Betri iliyoandikwa 20,000 ina kama 74, haina shida. Iliyovimba itupe, lakini si kwenye moto.

MFUKO WA MKONONI

Hapa ndipo kuna roho ya safari. Nguo inanunuliwa tena. Cheti hakinunuliwi.

Wanaosafiri kupitia IOM wanaujua ule mfuko wa plastiki wenye alama ya shirika, ndani mna karatasi za safari na za hospitali. Usiutie ndani ya valizi. Usiuweke chini ukaenda chooni. Uning'inize shingoni au uushike, na uonekane, kwa sababu wafanyakazi wanaowapokea kwenye viwanja vya njiani wanawatambua kwa mfuko huo. Usifungue bahasha iliyofungwa kwa muhuri.

Pamoja na huo, beba mkononi vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, kadi za chanjo pamoja na ile ya homa ya manjano, vyeti vya shule, iwe ni vya UNEB hapa Uganda au Diploma ya Serikali ya Kongo, na picha chache za familia. Kila karatasi ipige picha kwa simu, na nakala mwachie mtu mmoja hapa. Dawa ya presha, ya sukari au nyingine ya kila siku iwe ya kutosha njia yote, ndani ya paketi yake, na karatasi ya daktari.

Tangu mwaka 2006, polisi wa Uingereza walipovumbua mpango wa kulipua ndege kwa vitu vya majimaji, viwanja vingi vinakataa chupa ya zaidi ya mililita 100 mkononi. Vipo vilivyolegeza kwa kuwa na mashine mpya, lakini wewe utapita viwanja kadhaa, fuata iliyo kali. Mafuta ya kupaka, asali, hata siagi ya karanga vinahesabiwa kuwa majimaji. Maziwa ya mtoto mchanga na dawa kwa kawaida vinaruhusiwa, ukisema mapema na kuvionyesha.

Namba za simu ziandike pia kwenye karatasi. Simu ikizima njiani, zile namba za Nakivale zote zimezima nayo. Na kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina lake, la mzazi, na namba ya anayewapokea.

KUFUNGA NA KUTIA ALAMA

Jina kwenye valizi liandikwe sawasawa na lilivyo kwenye karatasi za safari. Wengi wetu tuna jina la kanisani, la nyumbani na la kadi. Tumia la kadi. Andika na namba ya simu ya unakokwenda, maana valizi ikipotea itatafutwa kule. Karatasi nyingine kama hiyo weka ndani juu ya nguo, kwa sababu ya nje inaweza kuchanika. Funga utepe wa kitenge kwenye mshikio. Valizi nyeusi ni elfu, lakini kitenge chako utakiona kutoka mbali.

Kufuli kubwa haisaidii sana. Kwa safari za Marekani wakaguzi wana haki ya kuvunja kufuli ambayo funguo zao haziwezi kuifungua. Wakikagua wanaacha karatasi ndani kukujulisha. Njia rahisi ni zile kamba ndogo za plastiki ambazo mafundi umeme hufungia nyaya. Piga moja kwenye zipu. Haizuii mwizi mwenye kisu, lakini ukiikuta imekatwa unajua valizi imefunguliwa, na unasema hapohapo kabla hujatoka. Kamba za kuzungusha nje zikazwe na ncha zikatwe, zisining'inie zikanaswa na mkanda wa mashine.

Kaunta ikipokea valizi, itabandikwa lebo yenye herufi tatu za mji wa mwisho na namba. Soma herufi hizo, uliza kama ndizo. Kipande kidogo unachopewa wewe ndicho risiti yako. Kihifadhi pamoja na tiketi.

VALIZI IKIKOSEKANA

Mkanda umezunguka, watu wameondoka, yako haipo. Usilie, na usitoke nje. Hapo ndani kuna ofisi ya mizigo ya kampuni ya ndege. Onyesha kile kipande, jaza fomu, toka na namba ya fomu. Nyingi zinapatikana siku chache baadaye, zimechelewa tu njiani. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999 unataka malalamiko ya mzigo ulioharibika yaandikwe ndani ya siku 7, na ya uliochelewa ndani ya siku 21 baada ya kuupata. Siku 21 zikipita bila mzigo kufika, una haki ya kudai kama uliopotea. Kwa hiyo piga picha ya valizi ikiwa wazi na ikiwa imefungwa, kabla ya kutoka Nakivale.

WANAOUZA "NJIA"

La mwisho. Kuna watu wanaokuja na maneno matamu: "Toa kidogo nikuongezee kilo", "Nina mtu wangu Entebbe". Huduma za UNHCR na washirika wake ni za bure. Pesa ya mzigo uliozidi hulipwa kaunta ya kampuni ya ndege na kupewa risiti, hailipwi chini ya mti wala kwa simu ya mtu. Aliyekuomba, mripoti ofisini.

KATA HAPA, UBANDIKE NDANI YA MFUNIKO WA VALIZI

1. Nimepanga mwenyewe, na ninajua kila kilichomo.
2. Nimepima, iko chini ya kilo zangu.
3. Karatasi, dawa na betri ziko mkononi.
4. Hakuna nyama, udongo, mbegu wala makaa.
5. Jina liko nje na ndani.
6. Kipande cha lebo nimekihifadhi.

Wenye safari mwezi huu, tunawatakia njia njema, na mkifika mtupigie. Wanaongoja bado, karatasi ziwe tayari na jembe liwe shambani. Tutaonana mwezi ujao, Mungu akipenda.